Mama, Nimekitaja Kijiji Chako

Mama yangu wa Mgeta,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la ofisi ya uhamiaji, Morogoro mjini. Nimekuja kuhakikiwa uraia ili nipate namba ya kitambulisho cha taifa. Bila namba hiyo, shule ninayopikia haiwezi kuniandikisha hifadhi ya jamii, na mkuu wa shule amesema mwezi ujao nafasi yangu atapewa mwingine.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipalilia njegere, ukungu umeshuka hadi hatuonani? Hapo ndipo uliponinong'oneza habari za Msumbiji: vita, na jinsi ulivyonivusha Ruvuma mgongoni. Kisha ukanifinya sikio. "Ukiulizwa, kwetu Mgeta. Usiongeze neno." Mama, ulivyokuwa mwoga! Hata mtoto wa skauti ulimpisha njia kwa ajili ya sare. Nilikucheka sana. Leo sicheki.

Afisa aliniuliza ukoo. Kwa Waluguru ukoo hutoka kwa mama, nami nikautaja wa Bibi Mwanaidi, jirani yetu aliyetupokea, akakuzika kwenye makaburi ya kwao. Afisa akainuka kitini.

"Ala! Basi wewe dada yangu kabisa! Huo ndio ukoo wangu. Mama yako katoka tumbo la nani?"

Angenifokea ningevumilia. Lakini alikuwa anafurahi, Mama, anawataja bibi zake mmoja mmoja, anangoja niseme "huyo huyo." Ningemchagua yupi? Wote anawajua. Nikasema kweli. Nikataja kijiji chako, na kwamba nilizaliwa huko ng'ambo ya mto. Sikuwahi kulitamka jina hilo mbele ya mtu.

Tabasamu likafutika. Akazikusanya karatasi zangu, akaingia nazo chumba cha ndani. "Wewe, kasubiri nje." Neno dada halikurudi tena.

Naogopa, Mama. Naogopa kukosa kazi, naogopa kurudishwa nchi ambayo hata salamu yake hukunifundisha. Namsikia anaongea na simu, anataja kijiji chako, anakosea, anarudia. Natamani niingie nimrekebishe.

Mlango umefunguka. Ananiita. Lala, Mama yangu, usiamke kwa ajili ya hili. Nakwenda kuitika.

Mwanao wa mgongoni