Kilele cha 149

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kaleta kichupa cha mafuta yake ya maua. "Asilia mia kwa mia, shemeji! Nyuki wenyewe wanaona wivu." Hoteli kubwa inataka kuyanunua kila mwezi, mkataba ni Jumamosi. Kaacha ualimu kwa ajili ya mafuta haya. Nikanusa. Mazuri mno! Kitu kizuri hivi kwa bei ndogo anayouza ni uongo – nimesoma rafu nzima ya vitabu kuhusu walaghai wa manukato. Kesho maabara itasema.

Jumanne, 4 Machi
Imesema! Mashine ya tungamo huvunja molekuli na kupima vipande vyake. Kipande kimoja kimesimama kama mlingoti: 149. Kila mkemia anamjua huyu – alama ya vilainishi, kemikali zinazotiwa plastiki ili iminyike. Nikatafuta shahidi wa pili kwenye mashine ya mwanga wa infraredi: bonde refu penye 1735, kaboni na oksijeni zimeshikana. Esta, aina ya kemikali. Vilainishi navyo ni esta. Kesi imekwisha!

Mama Kioo, fundi wetu wa maabara (tunamwita hivyo kwa kuwa hataki kuona plastiki), akachungulia begani. Akauliza: nimepima kitupu? – yaani kiyeyushi peke yake, bila mafuta. Nikamwambia nina miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii. Akasema hakuuliza miaka.

Makala yangu ya gazeti la Jumamosi nimeimaliza saa kumi: "Plastiki Shingoni mwa Bibi Harusi". Maneno mia tisa, hakuna hata moja la huruma. Shemeji sikumtaja, nimetaja utepe wa zambarau wa kichupa. Wenye macho watajua. Mhariri kafurahi – inatoka Jumamosi.

Jumatano, 5 Machi
Baba watoto kaisoma. Kauliza: "Na ukiwa umekosea?" Mimi! Tumelala mzungu wa nne, kichwa chake miguuni pangu.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Kioo kapima kitupu bila kuniuliza. Kaniwekea karatasi mezani. 149! Ndefu vilevile! Kiyeyushi kitupu, kutoka kwenye ile chupa laini ya plastiki ninayoipenda kwa sababu inaminyika. Akapima mafuta upya kwa kiyeyushi cha chupa ya kioo. 149 haipo.

"Na 1735?" Nilikuwa nimeng'ang'ania shahidi wangu wa pili.

"Esta ya maua yenyewe, dada. Infraredi inakuambia kuna mlango. Haikuambii nyumba ni ya nani."

Nimemchukia kwa dakika kumi. Sentensi ile ilikuwa yangu kabisa, basi tu kaiwahi.

Mhariri hapokei simu.

Ijumaa, 7 Machi
Mhariri kapokea saa tatu asubuhi. Ukurasa umeshapangwa, hauwezi kubaki wazi. Ataitoa makala nikimpa nyingine, maneno mia tisa, kabla ya saa sita. La sivyo inakwenda ile ile.

Nikampigia shemeji, nikamweleza yote. Nilitaka anitukane. Badala yake kaja, kakaa sebuleni kwangu, mikono magotini. "Andika tu, shemeji. Nasubiri kuisoma." Sauti ya msimamizi wa mtihani.

Nikaanza: "Mwandishi huyu, mwenye miaka ishirini na miwili ya kujisifu, karuka hatua asiyoiruka hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza." Raha iliyoje! Sijawahi kupata adui ninayemjua vizuri hivi. Mzembe. Mwenye kiburi. Hakimu aliyekuja na ushahidi wake mfukoni. Maneno mia sita bila kuinua kalamu!

Halafu – sijui imetokeaje – aya ya tano: "Hata hivyo, haki itendeke: ni mkemia gani mwenye damu mwilini angeiona 149 akatulia?" Na ya sita inamtaka Mama Kioo aeleze ile chupa ya plastiki ilifuata nini maabara. Chupa niliyoinunua mimi!

Saa tano u nusu. Shemeji kauliza nimefika wapi. Nimesema napunguza.

Ya sita nimeifuta. Ya tano nimeisoma mara tatu. Bila hiyo maneno hayatimii mia tisa. Na imeandikwa vizuri, jamani, imeandikwa vizuri mno –

Shemeji kainuka. Anavuta kiti, anakaa kando yangu. Kaweka kidole juu ya "Hata hivyo".