Baba Mbele ya Dirisha

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima, ila shuka lako jeupe usilitafute tena. Nimelitundika dirishani kupunguza ukali wa jua kwa kazi zangu za picha za chuo.

Kwanza nilipiga picha ya bidhaa: shati alilolishona Baba juzi. Niliweka taa moja ya mezani ubavuni, ili kitambaa kionekane vizuri. Taa ikaonyesha na mshono uliopinda kama njia ya mlevi. Baba yetu, fundi asiyehitaji hata chaki! Nikaligeuza shati, nikapiga upande wa pili.

Kisha nikamkalisha yeye dirishani. "Nitazame, Baba." Akatabasamu, unalijua lile pengo lake. Nikanyata hadi kwenye kabati nipate kivuli cha shavu. Yeye akaendelea kulitabasamia gunia la vitambaa, pale nilipokuwa nimesimama. "Umeshapiga, mwanangu?" akaliuliza gunia.

Mwalimu kaisifu picha hiyo: eti macho yanatazama mbali.

Baba hajui kwamba najua. Jana nilimtungia uzi kwenye sindano, nikasingizia kuwa nataka kujifunza kushona. Akacheka: "Hatimaye!"

Njoo, Dada. Ila ule mchezo wako wa kuingia kimyakimya uache. Anza kuongea ukiwa mlangoni.

Mdogo wako,
mharibifu wa mashuka