Mwaloni wa Kaburini kwa Mama

Baba,

Mkate nimeufunika, mtindi uko kwenye kiriba. Mbuzi wape majani ya lile tita la darini.

Asubuhi ulipomwambia Ami Karwan, "Mti umekufa, hata kivuli kimemkimbia mke wangu, tuukate," niliwasikia. Sikutaka kukupinga mbele yake. Lakini mti wa makaburini hauguswi na shoka mpaka ufe, na huu haujafa. Nauangalia tangu masika. Baada ya zile mvua zisizokatika, madoa ya kahawia yalianzia majani ya chini, yakapanda taratibu, ndiyo maana yamepukutika kabla ya wakati. Jana nilikwaruza vijiti kwa ukucha: ndani vibichi kabisa. Vichipukizi vya mwakani vipo. Shina halitoki maji meusi kama ile mialoni iliyokauka bondeni.

~~Umechoka kumkumbuka.~~ Najua unaumia ukiliona kaburi linapigwa jua. Zoa majani yaliyoanguka, uyachome mbali na mti, ugonjwa wa madoa usirudi mwakani.

Nimekwenda malishoni kukamua kondoo. Shoka usilitafute, ninalo. Jioni twende wote wawili kwa Mama, ukwaruze kwa ukucha wako mwenyewe.

Binti yako,
Shilan