Polymorphism Bila Stima

Nunguni, Alhamisi, Julai 1998

Ukungu umekaa mpaka saa nne asubuhi. Nimefundisha nikiwa na sweta mbili na hofu moja.

Wacha niseme ukweli. Kwa wiki mbili, kwa somo la kuandika programu za kompyuta, nimefundisha overloading na polymorphism vile mtoto wa Sunday school hukariri mstari wa Biblia. Maneno nilikuwa nayo. Maana ilibaki kwa kitabu.

Na leo Mzee Mutiso, mwenye chuo na mwenye duka la hardware lililo chini yetu, alikuja kukaa darasani aamue kama nitabaki kazini.

Alipoketi tu, stima ikapotea.

Nikabaki na ubao, chaki na wanafunzi watatu. Overloading haikunisumbua sana. Niliandika neno "piga", nikawaambia ukilipatia pasi linafanya kazi moja, ukilipatia simu linafanya nyingine, ukilipatia picha nyingine tena. Jina ni moja, kazi ni kadhaa, na ukiangalia kile umelipatia unajua mapema, kabla programu ianze, ni kazi gani itafanyika. Mzee akatikisa kichwa kukubali.

Kufika polymorphism, akili ikagoma.

Kwa kukosa la kufanya, nikaamuru kila mtu amsalimie mgeni. Mwende, msichana wa kwaya, akampa mikono miwili na "Bwana asifiwe." Abdi, ambaye baba yake huleta ng'ombe kutoka kaskazini, akaweka mkono kifuani na kutoa salamu ya Kiislamu. Kioko akapiga saluti, sijui aliitoa wapi.

Ningeachia hapo. Lakini nikamwomba Mzee naye atusalimie.

Mzee ni kiongozi wa kanisa. Alifunga macho, akaombea chuo, mvua, barabara ya Kilungu, na kompyuta zetu mbili, kila moja kwa zamu yake. Abdi aliinamisha kichwa kwa heshima. Kioko alichoka, akaketi.

Baada ya amina, Mwende akainua mkono.

"Mwalimu, ulijua Mzee ataomba?"

"Hapana. Nilisema tu asalimie."

"Basi ndiyo tofauti. Hii ya piga unajua mapema. Hii ya salamu, amri ni ile ile, lakini itafanywaje utajua tu programu ikishaanza kazi, ukiona ni nani ameipokea."

Nilimwangalia. Nikaangalia ubao. Kisha nikasema "vizuri sana" kwa sauti ya mtu aliyepanga kila kitu.

Mzee alisimama, akasema hajaelewa hata kidogo, lakini wanafunzi wameelewa, na hao ndio wanaolipa karo. Nimebaki. Kuanzia Jumatatu nimeongezewa na darasa la typing.

Nimefurahi, na aibu pia ninayo. Mwanafunzi amenielewesha somo langu, mimi nikapewa kazi. Nimeamua kesho nitamshukuru mbele ya wenzake, hata kama Kioko atacheka.

Ila kuna swali haliniachi. Zile pointers nilifundisha mwezi uliopita, na hakuna mtu aliuliza kitu: kuna yeyote kati yetu alizielewa?