Damu ya Watu wa Kizuka

Jumanne, 1 Oktoba

Umeme haujarudi. Nimewasha jenereta asubuhi, nikazima mchana, nitawasha tena jioni. Friza inapoteza baridi. Barafu ya pembeni imeanza kuchuruzika.

Nimetenganisha damu ya watu wanne wa utafiti. Wengine tuliowaita hawakuja. Barabara ya kutoka Kizuka ina vizuizi tena, na mtu akishakaguliwa mara mbili anarudi kwake. Siwalaumu.

Deo, fundi wangu wa maabara, amekuja na koti lililopigwa pasi ya makaa. Kila kitu kinaharibika katika chumba hiki cha nyuma ya zahanati, isipokuwa mikunjo ya koti lile.

Mazutu, dizeli ya jenereta, inakwisha. Tangu nchi jirani zilipofunga mipaka, mazutu ni ya jeshi na ya wenye ndugu jeshini. Mimi sina.

Alhamisi, 3 Oktoba

Dada Asha ametuma salamu kutoka Kabonga. Anauliza lini nitavuka kwenda Kigoma kwa mume wangu na watoto. Swali lile lile. Jibu lile lile: vichupa.

Hapa Rumonge watu wanakuja na tumbo limevimba na macho ya manjano, na hawamalizi msimu. Uvimbe wa ini. Mkono ukiweza kuugusa, umeshachelewa. Lakini kuna protini ambayo ini la mtoto aliye tumboni hutengeneza, kisha huacha akizaliwa. Kwa baadhi ya wagonjwa inarudi. Nataka kujua kama inarudi kwenye damu kabla ya uvimbe kuonekana. Basi. Ndilo swali langu la maisha. Kulijibu inabidi kuwatoa damu watu wazima wa afya, wale wale, mwaka baada ya mwaka, na kungoja. Wakamuaji wa mawese wa Kizuka walikubali. Vichupa vyao viko kwenye friza. Damu ya mwaka juzi haitolewi tena.

Leo tumechanganya mawese na mazutu. Wenye vinu vya kusaga wanafanya hivyo. Tuliyapasha moto, tukayachuja kwa kitambaa. Jenereta ikakohoa, ikawaka. Zahanati nzima inanuka maandazi. Mama mmoja kwenye foleni, mtoto mgongoni, alitutazama tukimimina chakula kwenye mashine. Niliona aibu. Nilimimina.

Jumamosi, 5 Oktoba

Risasi upande wa Kizuka tangu alfajiri. Moshi. Deo, anayeishi huko, hajaja. Nimeosha meza safi mara nyingine, kwa kukosa la kufanya. Naogopa.

Jumapili, 6 Oktoba

Deo yuko hai. Amefika kwa miguu na mke wake, hana koti. Walijificha katikati ya michikichi hadi wenye bunduki walipoondoka. Hakusema ni wa upande gani na sikuuliza. Nyumba za juu zimechomwa.

Laurent amekufa. Laurent wa kwenye kinu cha mawese, aliyekuwa anafika wa kwanza kila tulipotoa damu na kuwacheka wanaoogopa sindano. Paa lililokuwa likiungua liliwaangukia, yeye na waliokuwa naye. Hakukubaki kitu cha kuzika.

Si yeye peke yake. Deo alitaja majina polepole, na kwa kila jina niliona rafu ilipo na kichupa kilipo. Sikulia. Nina hasira na sina wa kumpa.

Jumanne, 8 Oktoba

Mama yake Laurent amekuja. Nilimkuta amesimama mlangoni, miguu ina vumbi mpaka magotini.

"Amahoro, muganga."

"Amahoro, mama. Pole sana. Karibu ukae."

Hakukaa. "Deo amesema damu ya Laurent iko hapa."

"Iko, mama."

"Nipe. Sikupata mwili. Sikupata hata mufupa. Hiyo damu ni mutoto wangu. Nataka kumuzika."

Nilimnyima.

Kuna sababu na naiandika, maana mbele yake haikutamkika. Mara ya mwisho nilipompima Laurent, protini ilikuwa imepanda kidogo. Kidogo inaweza kuwa kosa. Nilikuwa nangoja dawa za kupimia kutoka Bujumbura ili nipime vichupa vyake vyote kwa pamoja. Hazijafika. Katika watu wote niliowafuatilia, ni yeye tu aliyepanda.

Nilimwambia naihitaji kwa kazi. Ili isaidie wengine.

"Wengine gani?" akauliza. Hakupaza sauti. Akaondoka.

Nimekaa sakafuni mpaka Deo aliponiinua.

Alhamisi, 10 Oktoba

Jenereta imekufa. Mawese yameganda ndani, yamekula pampu. Fundi wa sokoni ameifungua, ameitazama, ameifunga. Kifaa anachohitaji kiko ng'ambo ya mpaka. Nimenunua barafu kwa wauza samaki. Mchana ilikuwa maji.

Asha amepata boti. Inaondoka Kabonga Jumamosi kwenda Kigoma. Kule kuna umeme. Nilifikiri: nitavuka na vichupa vyote, nitawaokoa. Naam, "nitawaokoa," hivyo hivyo nilivyofikiri, kana kwamba ni watu.

Mwenye boti alikuwa sokoni hapa kununua mawese. Nikamweleza.

"Wewe nitakupeleka, dada," akasema. "Damu ya watu wote hao, hapana. Abiria wakijua, hakuna atakayepanda boti yangu tena."

"Imefungwa kwenye sanduku. Hakuna atakayeona."

"Mimi nitajua."

Nilimshika shati. Mimi, mbele ya wauza samaki wa ndagala wanaonijua tangu nikiwa mtoto, nilimshika mtu shati nikamwomba. Akaviondoa vidole vyangu kimoja kimoja, kwa upole. Ule upole ndio ulioniumiza.

Ijumaa, 11 Oktoba

Damu imeyeyuka kwenye vichupa vyote. Joto la Imbo, tambarare hii ya ziwani, halina huruma. Rafu za juu zimeanza kutoa harufu.

Dawa ya Bujumbura haijafika; ile kidogo ya zamani niliyokuwa nimeiweka akiba inatosha watu wachache sana. Nimechagua Laurent. Vichupa vyake vyote, cha kwanza hadi cha mwisho, na damu ya Deo pembeni kwa kulinganisha. Mashine ya kusoma haiwaki, lakini rangi haihitaji mashine: protini ikiwa nyingi, manjano inakolea. Tulipeleka sahani ya vipimo dirishani.

Damu ya Deo, maji matupu. Laurent wa mwanzo, maji matupu. Kisha manjano ya kudhania. Kisha ya hakika. Kichupa cha mwisho, kama kiini cha yai.

Siku ile ya mwisho nililiminya tumbo lake kwa mikono yangu. Ini lilikuwa laini, mahali pake. Alikuwa anakula, anabeba mizigo, anacheka. Damu ilijua kabla yake na kabla yangu.

Nilikuwa sahihi.

Mtu mmoja. Mtu mmoja si ushahidi, hakuna mkutano wa wanasayansi utakaonisikiliza kwa mtu mmoja. Na waliobaki wanaoza kwenye friza. Nilifurahi kwa pumzi moja. Kisha nikaenda kutafuta kitambaa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Boti imeondoka bila mimi. Asha atakasirika. Watoto wangu watauliza.

Nilivifunga vichupa vya Laurent kwa kitambaa cheupe nikampelekea mama yake. Amepata hifadhi kwa jamaa zake karibu na kanisa. Akavipokea kwa mikono miwili, akaviweka mapajani.

"Murakoze," akashukuru. Kisha: "Ilisema nini, hii damu?"

Ningeweza kudanganya.

"Alikuwa ameanza kuugua ini, mama. Yeye mwenyewe hakujua bado."

"Angepona?"

"Sijui. Ni wachache wanaopona."

Alikuwa anakipapasa kitambaa, kama mtu anayetafuta upande wa kichwa cha mtoto.

"Basi angekufa nyumbani," akasema. "Angekufa nimemushika."

Nikamshika mkono, akainuka.

Tumemzika nyuma ya kanisa. Kaburi dogo kuliko la mtoto mchanga. Katekista aliomba kwa Kirundi. Mimi nilisoma Fatiha yangu kimya kimya, na hakuna aliyeniuliza.

Jumatatu, 14 Oktoba

Habari zimeenea. Asubuhi kulikuwa na watu mlangoni. Mume anaulizia damu ya mke wake. Wasichana wawili wanaulizia ya baba yao. Deo alisoma maandishi kwenye vichupa, mimi nikafunga. Kitambaa kikaisha, nikachana shuka. Kazi yangu yote imetoka kwa mlango ule, mikononi mwa watu, inanuka, na kila mmoja ameniambia murakoze.

Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mvua. Friza iko wazi, tumeiosha kwa sabuni. Deo ameazima koti la muuguzi, linambana mabegani.

Mzee Salvatori amekuja kutoka Kizuka. Yeye ni mchuma chikichi, yuko kwenye utafiti tangu mwanzo. Nikamwambia sikujua kama ana mtu wa kuzika. Hana, akasema. Watu wake walivuka salama. Amekuja kwa ajili yake mwenyewe.

"Mwaka huu hamukunitoa damu. Siku yangu ilipita."

Nikamweleza. Friza haina umeme. Dawa ya kupimia imeisha. Damu nitakayotoa sasa, kesho itakuwa imeharibika. Haina faida, mzee.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavuta kiti, akakaa, akakunja shati mpaka juu ya kiwiko, akalaza mkono mezani.

"Mimi bado niko," akasema. "Toa."

Deo aliniangalia. Nikanawa mikono. Nikamfunga mpira mkononi. Mshipa wake ulionekana mara moja.