Punda Alitoka Damu Puani, Bibi wa Jirani Akaitwa Mchawi

Shangazi Teodora, shikamoo. Kama kuna mahali sitaeleweka unisamehe, kwa maana akili yangu bado haijarudi mahali pake na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia.

Mimi ni mkulima wa mpunga na kakao, tunaishi kando ya barabara ya kwenda Kasumulu, na mume wangu ni mzee wa kanisa, mtu ambaye majirani wakigombana wanamwita awapatanishe, kwa hiyo haya nitakayokueleza sikuwahi kuyawaza hata kwenye ndoto. Mwaka jana tulinunua punda wawili kutoka Usangu, dume na jike, wa kutubebea mpunga kutoka shambani hadi mashineni, na kwa kuwa huku kwetu punda hawajazoeleka watu walikuwa wanapita makusudi kuwatazama, isipokuwa jirani yetu Bibi Angetile, mjane anayeishi peke yake, yeye hakupenda kabisa makelele yao, dume akilia tu anatoka nje na kusema, "Nyamaza wewe! Mnyama gani asiye na adabu, utakufa unapiga kelele hivyo hivyo!" na sisi tulikuwa tunacheka, hata yeye mwenyewe alikuwa anamalizia kwa kucheka.

Basi mvua za mwaka huu zilipojaza maji mabondeni, panya wote wa mashambani wakahamia kwetu. Shangazi, sisemi panya wawili watatu, nasema ukifungua mlango wa stoo sakafu inasogea, wametoboa magunia ya pumba na mahindi, wametafuna kamba na matandiko ya punda, wanapita juu ya migongo ya wanyama kama wanapita barabarani, na paka tuliyeazima akakimbia kurudi kwao. Mume wangu akasema niachie mimi, nikamwachia.

Siku chache baadaye dume akaacha kula, akasimama kichwa kimeinama, halafu damu ikaanza kumtoka puani, haikatiki, ikawa inamtoka na kwenye fizi, na nilipomgusa begani palikuwa pamevimba kama mfuko wa maji. Tukamwita bwana mifugo, kijana anaitwa Vitus, akampima akamgeukia mume wangu na kumuuliza, "Mzee, hapa mmetega sumu yoyote?" Mume wangu akajibu, "Hapana, bwana mifugo, sisi hatutumii sumu." Nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo ya maji, nikaitikia kwa kichwa, maana ndivyo nilivyojua. Punda akafa kabla ya jua kuzama.

Shemeji yangu Wilson, mdogo wake mume wangu, ndiye anayewalisha wale punda na alikuwa anawapenda kama watoto, alipoona ile damu akapiga kelele, "Bibi Angetile alisema atakufa! Si mlimsikia wote?" Neno hilo likashika kama moto kwenye nyasi kavu. Kesho yake tukaamka tukakuta migomba yote ya yule bibi imekatwa, na mchana vijana wakarusha mawe juu ya bati lake, na watoto wakaanza kumkimbia njiani. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano wa Jumamosi, na wanaosema sana wanasema aondoke aende Lyulilo kwa binti yake. Mume wangu kwenye jumuiya akaongoza sala, akasema Bwana aliondoe giza lililoingia kitongojini kwetu, na mimi nikasema amina.

Sasa juzi nikaingia stoo kufagia. Nikainua gunia la pumba lililobaki nusu, ambalo Wilson alikuwa anawalishia, likapasuka pale panya walipotoboa, na pamoja na pumba zikamwagika ngano nyekundu, nyekundu ya rangi, Shangazi, na panya waliokufa zamani wamekauka. Ngano kama hiyo nimewahi kuiona kwa wachuuzi pale Kasumulu, wanaiuza kwenye vifuko vya nailoni visivyo na jina. Nikamwita mume wangu.

"Baba Asifiwe, hii nini?"

Akaitazama, akaingia ndani, akavuta mlango nyuma yake. "Sumu ya panya."

"Nani kaichanganya na pumba za punda?"

"Mimi. Lile gunia nililitenga kwa ajili ya panya. Wilson kalichukua bila kuniuliza."

"Angekuulizaje na hukumwambia mtu? Na wewe umejua lini?"

"Nilipoona damu."

Shangazi, nikakaa juu ya zile pumba. Alijua kabla bwana mifugo hajamuuliza. Alijua akiwa anasali. Nikamwambia, na Bibi Angetile je? Akanijibu kwa sauti ya upole kabisa, ile anayoitumia kupatanisha watu, "Yule ni mzee, akienda kwa binti yake atapumzika. Mimi nikisema leo, nitasimama wapi mbele ya watu? Mama Asifiwe, mambo yatapoa. Ukifungua mdomo umebomoa nyumba yako."

Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa msichana na sasa akinisemesha naona kama anaongea mgeni. Jike naye tangu jana hagusi majani. Panya bado wanatembea. Mkutano ni Jumamosi. Nisaidie, Shangazi, mke anatakiwa amtii mumewe mpaka wapi?

Mama Niliyeduwaa, Kyela

*

SHANGAZI TEODORA ANAJIBU

Mama Asifiwe, ujumbe wako uliingia kwenye simu yangu nikiwa mezani. Nilipofika pale mume wako aliposema "Nilipoona damu," nilisukuma sahani. Nimesoma barua za watu kwa miaka mingi, za wizi, za uzinzi, za kuraruana kwa ajili ya mirathi, lakini sauti ya upole inayompeleka mjane uhamishoni ili mtu abaki na kiti chake cha mbele kanisani, hiyo ilinitoa jasho.

Barua hapa husubiri zamu. Yako ningeiacha isubiri ningekuwa nimekaa upande wa mume wako. Nilikupigia, na ninayoyaandika leo, kwa ruhusa yako na kwa majina yaliyobadilishwa, ni yale niliyokuambia na yaliyofuata, kwa sababu najua stoo yako si ya pekee na kimya cha nyumbani kwako si cha pekee pia.

Kwanza nilikugombeza, na sijutii. Jike ameacha kula, alikula gunia lile lile, na wewe unaniuliza habari za utii! Nilikuambia ukate simu yangu umpigie Vitus umwambie neno zima: sumu, ngano nyekundu, gunia, tangu lini. Ulilia ukasema, "Baba Asifiwe atanifukuza." Nikakuambia mnyama hawezi kusubiri mpaka ndoa yenu itengemae. Ulimpigia. Alikuja na sindano za vitamini inayosaidia damu kuganda, akakueleza kwamba sumu ya namna hiyo haiui papo hapo; inazuia damu isigande, mnyama anavuja ndani kwa ndani siku kadhaa, ndiyo maana hakuna anayekumbuka alikula nini. Mume wako alipomkuta Vitus bandani aligeuza njia akaenda shambani bila jembe. Hayo uliniambia mwenyewe.

Pili, nilikuambia kwamba yaliyosemwa mbele ya watu hayafutwi chumbani. Mwambie mumeo asubuhi ya mkutano, kwa heshima, mkiwa wawili: "Leo utasema wewe, au nitasema mimi." Ukamwambia. Alikunywa chai yake, akavaa koti, akaenda mkutanoni mbele yako, nawe ukadhani ameamua kusema.

Hakusema. Mwenyekiti alifungua mkutano, watu wakasema yao, Bibi Angetile amekaa chini peke yake, hakuna aliyekaa karibu naye, na mzee wa kanisa amekunja mikono. Ndipo ukasimama wewe na beseni lako la pumba, ukaliweka katikati, ukasema punda wetu ameuawa na sumu yetu wenyewe. Mume wako akainuka akatabasamu, akawaambia watu, "Mke wangu hana usingizi tangu tupate msiba huu. Amechanganyikiwa. Hizo ni pumba tu."

Nilipokusikia ukinisimulia hapo nilisema neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa.

Lakini Wilson, yule yule aliyeanzisha kelele, alikuja akachutama mbele ya beseni. Akachambua pumba kwa vidole mpaka akaziona punje nyekundu. Akanyanyua beseni akalipeleka mbele ya mume wako. "Kaka," alisema, "kama ni pumba tu, onja."

Mume wako aliangalia beseni, akaangalia watu, akakaa. Hakuonja, wala hakuulizwa tena. Vitus, aliyekuwa nyuma, akaeleza alichokiona na alichouliza mwanzo na alichojibiwa, na mwenyekiti akafunga shauri la uchawi pale pale, huku akiwakumbusha watu kwamba kumtuhumu mtu uchawi ni kosa la jinai, jambo ambalo angefaa kulikumbuka kabla ya kuitisha mkutano.

Na Bibi Angetile, ambaye wote mlitegemea alie au alaani, aliinuka taratibu akajifuta vumbi akasema, "Ndaga, asanteni. Sasa migomba yangu nani ataipanda?" Hakusubiri jibu, akaenda zake. Unaniambia Wilson ndiye aliyekwenda na machipukizi, na kwamba siku ya kwanza bibi hakumfungulia, akapanda hivyo hivyo.

Jike ameanza kula. Ninafurahi, lakini usidhani kazi imekwisha, panya hawakuhudhuria mkutano.

Sikiliza sasa. Gunia lile na pumba zote zilizokaa nalo, usimlishe mnyama yeyote, hata kuku, hata kwa kuonea huruma chakula. Muulize Vitus zitupwe wapi na vipi, mbali na kisima na mto. Panya waliokufa usiwashike kwa mkono mtupu wala kuwatupia mbwa. Funika mkono kwa mfuko, wafukie chini sana, maana mbwa au paka akimla panya mwenye sumu anameza na sumu yake. Halafu acha kuweka chakula kwenye magunia sakafuni. Tafuta mapipa ya bati yenye vifuniko vinavyobana. Panya hutoboa gunia, hutoboa hata plastiki, bati limemshinda. Ukikosa mapipa ya kutosha, panga magunia juu ya chaga, yaachane na ukuta, ili uone kinachopita nyuma. Kila jioni fagia punje zilizomwagika bandani na uondoe mabaki kwenye hori, kwa sababu kinachomwita panya ni karamu anayoikuta imeachwa. Fyeka nyasi kuzunguka banda. Ziba matundu kwa saruji na wavu wa chuma, usizibe kwa matambara, utakuwa unamtandikia kitanda. Tega mitego ya kubana kando ya kuta anakopita, ikague kila siku, usiitege mara moja ukakata tamaa. Na ikiwa itabidi sumu itumike, iwe ya dukani yenye jina na maelezo, ndani ya kisanduku ambacho punda, kuku na mtoto hawafikii, na kila mtu wa nyumba hiyo aambiwe iko wapi. Kila mtu, hata mgeni wa siku moja.

Swali lako la utii nimelihifadhi mwisho. Mke hamfuati mume kwenda kumzika jirani akiwa hai. Ulipofika hapo njia zilitengana, na aliyepotoka si wewe. Unaniuliza kama urudi kwenu. Usiamue leo, bado una hasira na una haki nayo. Lakini pia usimpelekee msamaha kama chai ya asubuhi kwa sababu tu ameanza kukusemesha vizuri. Mke wa mchungaji umesema ni mtu wa busara. Mwambie akae nanyi wawili, na mume wako aeleze, bila ile sauti yake ya upole, ni nini alichokuwa tayari kukipoteza ili kisipotee kiti chake. Ukisikia jibu ndipo utajua kama una nyumba ya kurudi.

Nawe, baba uliyetajwa humu, najua gazeti linafika kwenu na najua umefika hadi mstari huu. Umemtuma mkeo kwa Bibi Angetile na kilo za mchele, bibi akazikataa, amefanya vizuri. Nenda wewe. Usiende magharibi watu wakiwa ndani. Nenda mchana, siku ya soko, kwa njia ile ile vijana waliyopita na mawe, na ukifika mlangoni kwake sema kwa sauti, majirani wasikie.