Flashi ya Katibu

Shoga, leo uso wangu sijui niuweke wapi.

Katibu wetu alikuwa ananakili video za mkutano kwenye flashi, zinajikokota. Nami, fundi wa kompyuta wa ofisi, nikamwambia mbele ya watu wote, "Mama, umeuziwa feki." Feki! Mdomo wangu huu!

Akaniomba radhi kwa kunisumbua, akaitupa.

Nikachomeka yangu. Nayo ikajikokota vilevile!

Kufungua mipangilio ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, nakuta agizo kwamba kila kipande kiandikwe kwenye flashi papo hapo, ndipo kingine kifuate. Juu yake maandishi: "Msiguse, nimeweka mimi." Mimi huyuhuyu ndiye niliyeandika! Kisa watu walikuwa wanachomoa flashi mapema, kabla mafaili hayajaingia yote.

Nimelifuta, video zikaingia chapuchapu.

Katibu kanishukuru eti nimemwazima flashi nzuri.

Nami nikamjibu, "Usijali, mama."